Tatami Niliyoificha

Kwa miaka saba, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa siku zangu za judo. Nikitoka shule nilikuwa nakula haraka, nakunja kimono changu, vazi la judo, nakifunga kwa mkanda na kukitupia begani, halafu natoka mtaani kwetu Naviundu kwa miguu mpaka ukumbi wa michezo wa kampuni ya reli. Watoto wa mtaa walikuwa wananitania njiani, "Virginie, leo utaangusha nani?" Nami nilijibu kwa majivuno kwamba nitamwangusha yeyote mwenye mdomo mrefu. Nilianza nikiwa na miaka sita, kwa sababu baba yangu, Papa Faustin, fundi wa reli, hakutaka mtoto wake wa kike asukumwesukumwe na watu. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilikuwa na mkanda wa bluu, na sikumjua msichana wa umri wangu aliyeweza kuniweka chini.

Halafu ukaja mwezi wa kumi wa mwaka 1991, na maisha yetu yakaanguka yote kwa pamoja. Mishahara ya reli ilikuwa imesimama miezi mingi. Baba alikuwa ameondoka kwenda Pweto kutafuta samaki wakavu wa kuja kuuza, na tangu aondoke hatukupata habari zake. Shule zilikuwa zimefungwa. Asubuhi moja milio ya risasi ilisikika mjini, na kufikia mchana watu walikuwa wanapita mtaani kwetu wamebeba viti, magunia, milango, hata masinki ya choo. Bwana Kasereka, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo aliyekuwa anajenga nyumba karibu na kwetu, aliporwa ghala lake lote, akarudi kwao na kuiacha nyumba ile na mabati machache tu juu ya kona moja.

Mama alitufungia ndani. Siku ya pili nilimtoroka, nikakimbia mpaka ukumbi wa judo. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Mlango haukuwapo, madirisha hayakuwapo, na watu walikuwa wanatoka na tatami. Tatami ni magodoro magumu ya judo, kila moja urefu wa kitanda, yanayopangwa sakafuni ili mtu akiangushwa asiumie. Zetu zilikuwa arobaini na nane, nazijua kwa sababu tulizifuta kila Ijumaa. Nilimwona Papa Donat, anayetengeneza baiskeli, amebeba moja kichwani. Nilimwona Mama Ngosa, muuza makaa, na mwanawe wamebeba mbili. Nililia kwa sauti katikati ya ukumbi, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Kisha machozi yakawa hasira. Kama kila mtu anachukua, kwa nini mimi nibaki mikono mitupu, mimi niliyetokwa jasho juu ya vitu hivi miaka saba? Ukutani ilikuwa imebaki moja. Vital, kijana wa jirani, alikuwa pale pia akitafuta chochote. Tuliishika, yeye mbele na mimi nyuma, tukaipitisha vichochoroni hadi ile nyumba ya Bwana Kasereka, tukaifunika kwa mifuko mitupu ya saruji. Nilijiambia kwamba naiokoa. Ukweli ni kwamba niliitaka.

Vital alikuwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, mwenye maneno mengi. Alikuwa anacheza brekidansi, ule mchezo wa kuzunguka chini kwa mgongo, kwa mabega, hata kwa kichwa. Aliuona kwenye video, akajifundisha mwenyewe juu ya katoni zilizokunjuliwa. Siku ya tatu baada ya kuficha tatami alikuja kunichukua.

"Judo yako ilikufa," aliniambia. "Kuya nikufundishe kucheza."

Nilimwambia sina hamu ya kucheza wakati watu hawana chakula. Akanijibu kwamba njaa itanikuta hata nikikaa nyumbani. Nikaenda.

Mikono yangu ilikuwa na nguvu kuliko yake, na mabega yangu yalijua kubingirika. Tabu ilikuwa mgongo. Katika judo ukiangushwa chali umeshindwa. Mwamuzi anainua mkono na mchezo umekwisha. Kwa miaka saba mwili wangu ulifundishwa jambo hilo kuliko mengine yote, kwamba mgongo usiguse chini. Sasa Vital alitaka niutupe chini kwa hiari yangu, nikusanye miguu kifuani na kuzunguka. Kila nilipojaribu, mwili uligeuka wenyewe nikaangukia tumbo, na mkono wangu ukapiga tatami paa, kama tulivyofundishwa kuanguka.

Vital alicheka mpaka akakaa chini. "We! Nani anakusukuma? Tuko babili tu hapa. Mugongo yako inaogopa nani?"

"Haiogope muntu," nilimjibu kwa hasira. "Inakatala tu."

Ulikataa siku tisa. Siku ya kumi sijui nilichoka au nilikata tamaa, nilijiachia tu, na mgongo ukalala. Nilikusanya miguu, nikazunguka mara moja, mara mbili, mara nne, kuta za Bwana Kasereka zikanipita machoni mbio mbio. Niliposimama nilikuwa nacheka peke yangu. Nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na Mama alikuwa anageuka pembeni ili tusione kwamba yeye hakujipakulia. Pale juu ya tatami nilisahau yote hayo. Ndiyo maana niliipenda kuliko kitu chochote, na nilianza kuiita yangu.

Jumapili moja baada ya misa, Maître Stanislas alibisha hodi kwetu. Alikuwa mwalimu wangu wa judo, mtu mfupi mwenye masikio yaliyovimba kwa miaka mingi ya kupigana. Alikuwa amekonda. Mama alimpa kiti. Yaya Josée, dada yangu mkubwa, alikuwa amekaa mlangoni na tumbo lake la miezi minane. Mume wake alikuwa ameenda Kolwezi kutafuta kazi, ndipo yeye akarudi kwetu.

"Siko natafuta mwizi, mama," Maître alianza. "Niko natafuta tatami. Ku maternité balibeba bitanda, balibeba magodoro, yote. Bamama banazala na banalala chini, pa sima. Tulipata tatami tatu tu. Kama muko na moja, ao munajua kwenye iko, muniambie. Sitauliza ilifika namna gani."

Mama alisimama na kukifungua chumba. Alikuwa na majivuno kama mimi, nadhani nilimrithi. "Ba Maître, ingia uangalie mwenyewe. Mu nyumba yangu hakuna ata kijiko ya wizi. Nilisema vile mbele ya bantu yote ku kanisa, na nitasema tena."

"Najua, mama," alisema Maître bila kuinuka. Kisha akanigeukia. "Na we, Virginie? Balisema ulipita kule siku ile. Hukuona muntu?"

Nilikuwa na majina mdomoni. Nilikuwa na langu la kwanza kabisa. Nilimtazama Mama, nikatazama mlango wa chumba ulio wazi, nikasema, "Hapana, Maître."

Alinipa mkono kama alivyozoea baada ya mazoezi, akaaga, akaenda kubisha nyumba ya pili. Nilijisikia vibaya mpaka jioni. Halafu nikajitafutia maneno ya kujituliza: wanawake ni wengi na tatami yangu ni moja, sasa moja itasaidia nini? Kesho yake nilikwenda kucheza tena, na nilicheza kwa nguvu zaidi ili nisifikiri.

Alhamisi ya wiki ile ile, asubuhi, yaya Josée alikuwa anaosha sufuria nyuma ya nyumba mara akaniita kwa sauti ndogo. Maji ya uzazi yalikuwa yamemwagika, na siku zake zilikuwa bado. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alifunga vitenge viwili na beseni, tukamshika huku na huku, tukatembea naye hadi maternité, wodi ya wazazi, tukisimama kila uchungu ulipomshika. Alikuwa ananibana mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, naye alikuwa ananiomba msamaha kwa kunibana.

Nilikuwa sijawahi kuingia mule ndani. Chumba kilikuwa kitupu kama darasa siku ya likizo, isipokuwa kwamba watu walilala chini. Tatami tatu zilipangwa upande wa ndani, kila moja na wanawake wawili na watoto wao. Wengine walikuwa juu ya vitenge, juu ya saruji, ile sima aliyoitaja Maître. Mvua ilipita chini ya mlango ikatambaa sakafuni. Kando ya ukuta msichana mmoja alilala akitazama juu, na hakuwa na mtoto pembeni yake. Mkunga alikuwa mmoja, Mama Espérance, ambaye hakuwa amelipwa tangu zamani na bado alikuwa anakuja.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita mchana. Alikuwa wa kike, mdogo mno, na kilio chake kilikuwa chembamba. Yaya Josée alitokwa na damu nyingi. Mama Espérance alihangaika naye mpaka damu ikapungua, kisha tukamlaza juu ya vitenge vyetu viwili, na muda si mrefu vikawa vimelowa. Akaanza kutetemeka. Meno yake yaligongana. Niligusa miguu yake, ilikuwa baridi, na midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Mama alivua kitenge alichojifunga na kumfunika nacho, akabaki na gauni lake la ndani mbele za watu.

"Mama Espérance, fanya kintu," alilia. "Nakuomba. Fanya kintu."

"Mutoto anaomba joto ya mama yake," mkunga alisema. "Na mama mwenyewe haiko na joto. Sima inamaliza yote. Kama ningekuwa na ata godoro moja, ningebalaza pamoja na kubafunika. Mais sina. Nilishaomba kila fasi."

Moja. Alisema moja. Nilitoka mbio bila kuaga, na Mama aliniita mara mbili nyuma yangu.

Vital alikuwa katika nyumba ya Bwana Kasereka, amekaa juu ya tatami kwenye kona isiyovuja. Nilimwambia yote huku nikihema. Nilidhani atainuka papo hapo. Aliinamisha kichwa.

"Bakituona na ile kintu mu barabara, mu mchana hivi," alisema, "batasema siye njo bezi. Batatupiga, Virginie."

"Yaya yangu atakufa!"

"Tungoje mvua ikatike. Tungoje bantu baingie mu manyumba."

"Ananikufia sasa, Vital, haiko kesho!"

Hakuinuka. Nilimsukuma akatoka juu ya tatami, nikaishika mwenyewe. Niliiburuta mpaka kizingitini, nikaiinua upande mmoja, ikanielemea. Nilijaribu tena. Mkanda wa bluu haukunisaidia lolote. Nilianguka nayo matopeni. Nilikaa pale nikapiga kelele ya uchungu, na Vital, kwa aibu au kwa woga, alikuwa ameshaondoka.

Mtu mmoja tu angeweza kunisaidia, naye alikuwa anakaa barabara ya pili. Naapa kwamba njia ile fupi ilikuwa ngumu kuliko pambano lolote nililowahi kuingia. Nilisimama mbele ya mlango wa Maître Stanislas nikatamani asiwepo. Alifungua kabla sijabisha; labda alinisikia nikilia.

"Maître, nilikudanganya," nilisema. "Tatami iko. Miye njo nilichukua, nikaificha, niko nachezea pale. Na siku ile niliona bantu, niliona bengi. Yaya Josée alizala, analala pa sima, ananikufia."

Nilingoja anipige, au anifukuze. Uso wake ulibadilika, na niliona kwamba nimemuumiza. Lakini aliuliza neno moja tu, "Wapi?"

Tuliibeba vichwani, yeye mbele na mimi nyuma. Mvua ilikuwa inapiga juu yake. Watu waliokuwa wamejikinga chini ya mabati walitoka kutazama, na sauti moja ikasema, "Muone! Maître wa judo njo alikuwa mwizi!" Wengine wakacheka. Maître hakugeuka. Alitembea tu. Aibu ile ilikuwa yangu na alikuwa anaibeba yeye, na hilo sikuweza kulivumilia.

"Haiko yeye!" nilipiga kelele. "Miye! Miye Virginie wa Papa Faustin! Miye njo nilichukua!"

Kicheko kilikatika. Niliendelea kurudia maneno hayo mpaka tukafika.

Mama Espérance hakupoteza muda. Aliifuta, akaiweka mbali na mlango, tukamwinua yaya Josée na kumlaza juu yake. Mtoto akawekwa uchi kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa pamoja kwa vitenge vikavu alivyoazima kwa wagonjwa wengine. Nilikaa miguuni nikisugua nyayo za yaya. Ilichukua muda mrefu. Kutetemeka kulipungua, kukarudi, kukapungua tena. Jioni alifungua macho, akauliza mtoto wake yuko wapi, naye alikuwa juu ya kifua chake.

Mama aliitambua tatami, maana alikuwa amekuja mara nyingi ukumbini kunitazama. Alimtazama Maître, akanitazama mimi. "Nilimufungulia mulango wa chumba," aliniambia polepole. "Nilijitapa mbele yake. Na we ulikuwa unasimama pale." Halafu akalia kwa kujificha uso. Afadhali angenichapa.

Tulilala pale. Ijumaa asubuhi mtoto alinyonya kwa mara ya kwanza, na Mama Espérance akatabasamu. Ndipo nilipomuuliza habari za yule msichana wa ukutani, kwa nini hana mtoto.

"Mwansa? Alizala Siku ya Kwanza," alisema, akimaanisha Jumatatu. "Mutoto alikuwa mudogo sawa huyu wenu. Siku ya Tatu akakufa. Baridi."

Jumatatu. Maître alikuja kwetu Jumapili. Nilihesabu mara kadhaa, na hesabu haikubadilika.

"Kama tatami ingekuwa hapa Jumatatu," nilimuuliza, "mutoto angepona?"

Mama Espérance alikuwa anakunja kitambaa. Alikikunja mpaka mwisho kabla ya kunijibu. "Sijui, mutoto. Sitakudanganya. Labda angekufa tu. Labda hapana."

Nilikwenda ukutani nikapiga magoti. Mwansa alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, bado amelala kwenye saruji juu ya kitenge chake. Nilimwambia kila kitu, kuanzia ukumbini mpaka Jumapili. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Alinisikiliza huku akitazama juu mpaka nikamaliza.

"Ulikuwa unachezea pale siku ya Jumatatu?" aliniuliza.

"Ndiyo, yaya."

"Na ulifurahi?"

Nilitaka kusema hapana. "Ndiyo," nilisema.

Machozi yalimtoka yakaenda masikioni, naye hakuyafuta. Mimi nikaanza kulia kwa sauti. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa makali.

"We usililie hapa," alisema. "Miye njo nitalia mutoto yangu. We uliona bale balibeba zingine. Unabajua majina. Leo mangaribi bamama bengine batakuya kuzala. Simama. Enda utafute."

Nikasimama.

Maître alikuwa nje anaongea na Mama. Nilimwambia niliowaona, na nilimwomba jambo moja, kwamba tusiwaite wezi mlangoni mwao. Alikubali. Kwanza tulikwenda kwa Papa Donat, mtengeneza baiskeli. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba na gurudumu mapajani. Maître aliposalimu tu, yeye akaanza kupandisha sauti: hajui tatami, hajawahi kuiona, yeye ni mtu wa Mungu, na nani amesema? Nilisikia mdomo wangu mwenyewe ukiongea kwa sauti yake.

"Papa Donat, miye pia nilisema vile," nilimwambia. "Niliificha moja. Mutoto wa muntu alikufa pa sima Siku ya Tatu, na tatami yangu ilikuwa kavu. Siko nakushitaki. Ni kuja kukuambia tu."

Aliligeuza gurudumu mara mbili tatu bila sababu. Mke wake alitoka ndani, alikuwa amesikia, akasema bila kututazama, "Donat, inuka." Wakaitoa. Watoto wao watatu walikuwa wanalala juu yake, na mama yule aliikung'uta kwanza, akaomba radhi kwamba ina mkojo wa mtoto. Sikutegemea kuona huruma pale, lakini niliona huruma.

Kwa Mama Ngosa tulifukuzwa. Nyumba ya nne tulifukuzwa pia, na mbwa akafunguliwa. Lakini habari zilitutangulia mtaani. Jumamosi, tukiwa njiani na tatami ya sita, Vital alitokea na vijana wanne wa brekidansi. Hakuniangalia usoni. Alisema tu, "Mutupe, tubebe," na vijana wale, wenye shingo ngumu kwa kusimama kwa kichwa, walizibeba tatami mbili mbili na kuimba njiani. Mama Ngosa aliwaona wakipita. Jioni alimtuma mwanawe na zile mbili zake, akaagiza tusiseme zimetoka wapi. Kufikia Jumatatu zilikuwa kumi na tisa.

Jumatatu hiyo yaya Josée alitembea mwenyewe mpaka mlangoni akimkumbatia mtoto. Mwansa alikuwa ameondoka asubuhi, peke yake, na kifurushi chake chini ya mkono. Nilikimbia barabarani nikamkuta, nikakichukua kifurushi, nikambebea mpaka kwao. Hakunishukuru wala hakunikataza.

Niliporudi, Maître Stanislas alikuwa anapanga tatami ya mwisho sakafuni. Nilimwambia kile kilichokuwa kinanisumbua, kwamba labda Mungu ananiadhibu kwa sababu niliacha judo nikaenda kucheza.

"Wapi!" alisema, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi alicheka kidogo. "Kucheza haiko mubaya. Utacheza, na nitakuya kukuangalia. Sikiliza, Virginie. Ku judo nilikufundisha kupigana na muntu mwenye unaona. Unamushika kimono, unajua uzito yake. Mais kintu yenye unaficha inapiga muntu mwenye haujamuona. Haukujua Mwansa. Haukujua kama yaya yako atazala mbele ya siku. Siye yote hatujue. Njo maana muntu anasema ukweli mapema, ata kama inamupatisha aibu, juu aibu inaponaka, inapita. Ukinidanganya Jumapili na ukiniambia ukweli Alhamisi, iko siku ine katikati. Sasa unajua siku ine ni nini."

Vital alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nilimwambia Maître kwamba nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa, ingawa ningetoa mikanda yangu yote ili nisielewe kwa njia ile. Mama Espérance alituita, maana mwanamke mwingine alikuwa ameshafika na uchungu. Tulimshika huku na huku, tukamlaza pakavu.